Nyuzi Tisini

Rula mbili za shule, moja ilivunjika kwenye kumi na tisa:
hapo ndipo tulipopata mfupa wa kwanza.
Kopo la maziwa ya unga tukalijaza mchanga, likawa kiuno.
Lapa la Lali, lile lililokatika gidamu,
tukalichonga viganja viwili.
Mota nne, kila moja kama kiberiti,
zilivuka kutoka Mokowe ndani ya mfuko wa mkate,
na Bwanaheri aliyezibeba akaniuliza kama ni dawa.

Kila mota ina nyuzi tatu.
Wa kahawia ni ardhi. Mwekundu ni umeme.
Wa rangi ya chungwa ndio unaosema.
"Unasema nini, shangazi?"
Namba tu, Lali. Sifuri hadi mia na themanini.
Ukisema nyuzi tisini, mkono unasimama kati kwa kati
kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja glasi.

Mama, kwenye mkeka wa pili, akacheka bila kuinua mato.
Naye ana uzi wake, mweupe, na kofia ya vito
ambayo mwezi wa tatu huu haijaisha.
"Nyuzi tisini! Moya tu watosha kunipofua."

Siku ya kwanza ulitetemeka.
Mota zote nne tulizinywesha kwenye bodi moja,
watu wanne na gilasi moja ya maji.
Ukapiga meza, ukapiga kopo, ukampiga paka wa jirani
ambaye hakurudi mpaka Jumatano.
Tukatoa betri nne za tochi, tukazipa mota chakula chao wenyewe,
na hapo ndipo mkono ulipogoma kabisa.
Nililala nao kichwani. Wakati wa daku, tonge mkononi, nikaona:
ardhi hazijakutana.
Umeme waweza kutoka nyumba mbili,
lakini ardhi iwe moja,
la sivyo neno halina pa kukanyaga.
Waya mmoja wa kahawia, mfupi kuliko kidole,
kutoka kwenye betri hadi kwenye bodi.
Ukaitika.

Halafu mwendo. Niliandika: nenda mia na arubaini.
Ukaenda. Tende ikagonga boriti ya dari
na kipande chake, nadhani, bado kiko huko.
Nikamtazama Mama:
sindano inaingia tunduni, inatua, inavutwa, inatua.
Nikafuta. Nikaandika upya:
ongeza uzi mmoja,
subiri, sehemu kumi na tano kati ya elfu za sekunde,
ongeza uzi mmoja,
subiri,
rudia mpaka ufike.
Lali alijaribu kuhesabu pamoja nao, akachoka kwenye kumi na mbili.

Jana, dakika mbili kabla ya magharibi, tukapanga sahani.
Kiuno kilizunguka. Kiwiko kikainama.
Viganja vikafunga polepole, tende isipondeke,
ukainuka, sitini, sabini, themanini,
na stima ikapotea Langoni nzima.

Kompyuta yangu betri yake ilikufa zamani; ikazima papo hapo.
Uzi wa chungwa ukanyamaza.
Mkono ukabaki hewani na tende yake,
meno ya plastiki ndani yakishikilia kwa ubishi tu.
Kisha adhana, bila vipaza sauti, koo tupu,
msikiti huu ukiuachia ule.

Mama akapapasa gizani, akaikuta tende, akaivuta.
Haikutoka. Akaivuta tena.
"Na huyu naye ana ndaa?"
Ikatoka na alama mbili za lapa.
Akapiga bismillahi, akala.

Lali akataka kujua kama mkono nao ulikuwa umefunga.
Nikamwambia ulifunga, kufungua ndiko kulikobaki:
mstari wa mwisho kabisa, hatukuufikia.
Lete tochi nikuoneshe kwenye daftari.
"Tochi haina betri," akasema.
"Umezipa mota."